Boti ya faiba, maji ya ziwa na jua la Septemba

SWALI: Mhariri, boti yetu ya faiba ina miaka minne ziwani. Septemba tuliipandisha ufukweni Kibirizi, tukaiacha juani wiki tatu ikiwa imelala juu ya magogo mawili. Ubavu uliojipinda karibu na shetri (sehemu ya nyuma ya boti) umefutuka kwa unene wa kidole, na chini yake kuna malengelenge. Tulipotoboa moja, yalitoka maji ya kunata yenye harufu ya siki. Fundi analaumu jua, baba mkubwa analaumu maji, na wengine wanasema maji yasiyo na chumvi hayadhuru faiba. Nani yuko sahihi?
Mvuvi, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, fundi na baba mkubwa wamesema kweli wote wawili, kila mmoja nusu yake. Waliokosea ni hao wa chumvi. Chini ya ngozi ya nje hubaki chembe za kemikali zinazoyeyuka. Maji hupenya polepole, huziyeyusha, na kimiminika hicho kizito huvuta maji zaidi mpaka ngozi inyanyuke. Kadiri maji ya nje yasivyo na chumvi, ndivyo mvuto unavyozidi, hivyo malengelenge huota upesi zaidi katika maji ya ziwa kuliko ya bahari. Harufu ya siki ni ya asidi iliyoundwa humo ndani.

Kuhusu ubavu, kumbuka kwamba faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na rezini, yaani gundi ya plastiki iliyoganda. Kioo hakinywi maji, na joto hukitanua kidogo tu. Rezini hunywa maji ikavimba, na kwa joto hutanuka mara 10 au zaidi kuliko kioo. Penye mzingo, yaani pale ubavu unapojipinda, nyuzi huuzuia ubavu usirefuke sana, lakini hakuna nyuzi za kuuzuia unene usivimbe, kwa hiyo mzingo hutaka kufunguka. Na kwa kuwa kingo zake zimebanwa na mataruma (mbavu za ndani za boti) na shetri, hauna pa kwenda ila kubenuka. Tena rezini iliyolowa hulainika kwa joto dogo kuliko iliyo kavu, na ubavu uliopakwa rangi nyeusi waweza kupita nyuzijoto 60 za Selsiasi juani. Ikiwa laini hivyo, huku uzito wote umebebwa na magogo mawili, boti hushika umbo baya na kubaki nalo hata ikipoa.

Msiupige nyundo wala kuukandamiza ubavu huo. Ihamishieni boti kivulini, juu ya vigango vingi vilivyochongwa kufuata mzingo wake. Toboeni malengelenge yote, yasugueni kwa maji safi mara kwa mara, kisha mwiache ikauke kwa wiki kadhaa. Kwetu Kigoma, kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kinachofaa, si masika. Kabla ya kupaka epoksi (rezini ya kuzibia maji), bandikeni kipande cha nailoni angavu juu ya ubavu, mkizibe kingo zote kwa utepe, mkiache siku nzima. Mkiona matone upande wa ndani, bado ina maji.