Presha, kusimama kwa kichwa na chungu cha mlenda

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nina miaka 46, naishi Nkuhungu hapa Dodoma na ofisi yangu iko Mtumba. Natumia dawa za presha. Kila Jumapili nafanya yoga ya Sivananda kwa kufuata video, saa moja na nusu, mikao yote 12 isipokuwa mkao wa kusimama kwa kichwa, ambao wenzangu wanauita mfalme wa mikao. Nikiuacha mkao huo, mazoezi yangu yana maana? Tena, ni lazima niache nyama, vitunguu maji na vitunguu saumu?

JIBU: Salama, dada. Mkao huo uuache kabisa. Kichwa kinapokuwa chini ya moyo na miguu juu, msukumo wa damu kichwani na machoni huongezeka, na shingo hubeba uzito ambao haikuumbiwa kuubeba. Kwa mwenye presha hiyo si hatari ya kujaribia. Badala yake lala chali sakafuni, uegemeze mashavu ya miguu juu ya kiti, ukae hivyo dakika tano.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo Jumapili yenyewe. Swami Sivananda alikuwa daktari aliyefanya kazi Malaya kabla ya kuhamia Rishikesh nchini India, na mwanafunzi wake Vishnudevananda, aliyefungua kituo Montreal mwaka 1959, aliyafupisha mafundisho hayo katika kanuni tano: mazoezi sahihi, kupumua sahihi, kupumzika sahihi, chakula sahihi, na fikra njema pamoja na kutafakari. Mikao 12 yote, pamoja na huyo mfalme, imo ndani ya kanuni moja tu. Wewe umeishika hiyo moja, tena mara moja kwa wiki, na nne zilizobaki umeziacha mlangoni. Dakika 20 kila alfajiri, kabla ya chai, zitakufaa kuliko saa moja na nusu ya Jumapili.

Katika dakika hizo, pumzi ipewe nafasi kubwa. Ile ya kusukuma tumbo kwa kasi, iitwayo kapalabhati, usiifanye. Ya kupokezana pua ifanye, lakini si kwa hesabu ya darasani ya kuvuta 4, kushikilia 16 na kutoa 8, kwa sababu kushikilia pumzi hakumfai mwenye presha. Keti wima, ziba tundu la kulia kwa kidole gumba, vuta hewa kwa tundu la kushoto ukihesabu hadi 4. Kisha ziba la kushoto kwa kidole cha pete, toa kwa la kulia ukihesabu hadi 8. Vuta kwa hilo hilo la kulia 4, toa kwa la kushoto 8. Huo ni mzunguko mmoja. Anza na mitano. Ukihisi kukosa hewa, punguza iwe 3 kwa 6. Miezi ya upepo na vumbi letu la kiangazi fanyia ndani, baada ya kupiga deki. Ndani ya daladala la kwenda Mtumba huhitaji vidole: toa tu pumzi polepole mara mbili ya ulivyoivuta, midomo imefungwa. Mwishoni mwa kila kipindi lala chali dakika tano bila kujitikisa. Wengi huukatisha mkao huu kwa haraka ya kazi, nao ndio kanuni ya tatu yenyewe.

Kuhusu chakula, mapokeo hayo hukataza nyama, samaki, mayai, vitunguu maji na vitunguu saumu, lakini katazo la vitunguu ni la kutuliza akili, si tiba ya presha, nami sikushurutishi. Ugali wa uwele kwa kunde au choroko unatosha kukupunguzia siku za nyama. Jicho langu liko kwenye chungu cha mlenda: magadi tunayotia ili ulainike yana sodiamu, kama ilivyo chumvi ya mezani, na watu wengi wanaopunguza chumvi husahau kabisa kuyahesabu. Uchemshe bila magadi, uukoleze kwa karanga za kusaga.

Sala ya kufungua darasa la yoga hii, kama haiendani na imani yako, kaa kimya tu. Pima presha asubuhi kabla ya mazoezi, andika kwenye daftari, na hata namba zikishuka usipunguze dawa mwenyewe. Daftari hilo mpelekee daktari wako aamue.