"Walikatwa tamaa" au "walikatishwa tamaa"?

Swali limetoka Goma, kwa mama anayelea kikundi cha vijana watunzi wa hadithi mtaani Himbi. Anaandika:

"Jambo mwalimu. Binti wa miaka 16 katika kikundi chetu ametunga hadithi ya mji wa kesho. Wakubwa wamelizungushia ziwa ukuta, kila nyumba inapimiwa maji kwa kikombe. Ameandika: 'Raia wote walikatwa tamaa, ila Furaha alibaki na tamaa.' Nilipiga mstari mwekundu mahali pote pawili, nikaandika 'tumaini'. Akaniuliza: kama tamaa ni kitu kibaya, mbona kuikata nako ni kubaya? Nilikosa jibu. Tena, hadithi hii niiite ya kutisha, ya kuogopesha au ya hofu?"

Mama, swali la huyo binti limenikalisha siku tatu, na ninamshukuru.

"Tamaa" imetoka kwenye Kiarabu, na kule ilikotoka ina nyuso mbili: kutaka kupita kiasi, na kutazamia jema. Katika Kurani, sura ya 32 aya ya 16, waumini wanamwomba Mola wao kwa khauf na tamaa. Ndiyo hofu yetu na tamaa yetu, yamekaa pamoja maneno hayo mawili, na hapo hakuna anayesemwa kwa ulafi. Leo kwetu upande wa wema umeshikwa na "tumaini", neno ambalo nalo asili yake ni Kiarabu, na shina lake linahusu moyo uliotulia. Tamaa imebaki na ulafi: tamaa ya mali, tamaa ya madaraka, tamaa mbele mauti nyuma. Ile maana nyingine bado imo ndani ya "kukata tamaa", kama mlango wa nyumba uliofunikwa na lava ya volkano yenu ya Nyiragongo ya mwaka 2002, ambao watu wamejenga juu yake na kila siku wanapita. Basi mwambie binti kwamba tamaa inayokatwa si ile ya mlafi. Ni ile ya mwombaji.

Kwa hiyo mstari wako mwekundu wa pili una haki. Ukiandika leo "Furaha alibaki na tamaa", msomaji atadhani msichana anatamani cha watu, na hadithi tayari ina wenye tamaa: wale waliojenga ukuta. Lakini "tumaini" si dawa pekee. "Hakukata tamaa" ina nguvu zaidi, kwa sababu inamwonyesha Furaha akikataa kufanya jambo.

Mstari wa kwanza ndio ninaotaka tuukalie. Sikiliza namna tunavyosema: kukata shauri, kukata roho, kukata tamaa. Katika yote matatu mkataji ni mwenyewe. Hata mtu aliyeuawa tunasema amekata roho. Hatusemi amekatwa roho. Vivyo hivyo, kwa mazoea ya Kiswahili, mtu hakatwi tamaa. Mwingine anachoweza ni kumkatisha: kumbana, kumchosha, kumnyima, mpaka aikate mwenyewe. Kiambishi hicho kidogo, -ish-, ndicho kinachokiacha kisu mkononi mwa raia. "Walikatwa tamaa" inampa mtawala kisu, na mji wa namna hiyo hauna hadithi tena, maana hakuna aliyebakiwa na la kuamua. "Walikatishwa tamaa" inasema walisukumwa hadi ukingoni, na mmoja wao anaweza kugoma. Hadithi za aina hii zinatisha kwa sababu ya ule msukumo, na zinatia matumaini kwa sababu ya huyo anayegoma. Sarufi yetu imeyabeba yote mawili katika kitenzi kimoja. Mimi naliona jambo hilo ni kubwa.

Kuhusu jina la hadithi: "hadithi ya kutisha" kwa wasomaji wetu inaita mazimwi na mizimu, si vikombe vya maji. Jina la kitaalamu ni distopia, kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya mahali pabaya. Kinyume chake ni "utopia", nchi bora ya kufikirika, neno alilolibuni mwandishi Mwingereza Thomas More mwaka 1516, na mwanafalsafa John Stuart Mill akawataja "wadistopia" katika Bunge la Uingereza mwaka 1868. Andika "hadithi ya distopia" bila kuona haya. Kwa jalada la vijana, "hadithi ya mji wa hofu" inatosha.

Ndani ya hadithi, yatenganishe maneno. "Kitisho" kina mwenyewe: kuna aliyekitoa, kwa kinywa au kwa bunduki. Nyiragongo ikiwaka nyekundu usiku inaogopesha, tena sana, lakini haimtolei mtu vitisho. "Hofu" ni ile inayoingia ndani ya mtu na kukaa. "Woga" mara nyingi tunausema kama tabia, ndiyo maana kuna mtu mwoga. Hivyo binti anaweza kuandika: walinzi wa ziwa walitoa vitisho, watu wakaishi kwa hofu, Furaha naye alikuwa na hofu lakini hakuwa mwoga. Nyinyi huko mnasema "niko na woga" kwa maana ya hofu tu. Ni sawa kabisa, na ningependa Furaha aongee hivyo hivyo. Msimulizi ndiye wa kuchagua kwa uangalifu.

Nimesoma na ule ukurasa wa tatu ulionitumia. Mama yake Furaha anamimina maji ya siku kwenye bidoni ya manjano, anasuuza kikombe kwa tone lililobaki, kisha anayanywa yale maji ya kusuuzia, mgongo ameuelekeza kwa watoto. Mahali hapo hapana hofu iliyotajwa wala tumaini. Mama, tafadhali, hapo usiguse kwa wino mwekundu.