Jirani anataka kuziba uchochoro, tukubali?

Waalaykum salaam, dada wa Fuoni. Unauliza kama mkubali jirani azibe uchochoro kwa ukuta, maana "gari halipiti hapo" na wezi watapungua. Mimi nasema msikubali.

Faida ya njia ni pale inapoungana na nyingine, upana baadaye. Uchochoro wenu unaunganisha barabara mbili. Uzibeni upande mmoja: njia panda moja imepotea, na ya pili inakupeleka ukutani. Mtoto wa chuoni azunguke barabara kuu penye daladala, jeneza nalo lizunguke. Mwizi ataruka ukuta, wala hatosumbuka.

Tena kufungua ni kazi kuliko kufunga. Nyumba hubomolewa ikajengwa nyingine, njia ikabaki ilivyo. Marekani mitaa mipya ilizidi kuwa ya njia zisizotokea popote mpaka kama mwaka 1994, ndipo ikaanza kujengwa yenye kuungana. Ile iliyokwisha kujengwa wanaishi nayo mpaka leo. Kwetu Unguja pia: kabla mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo haujafukiwa, watu walibanana darajani, maana njia za kuvukia zilikuwa chache.

Nendeni kwa sheha kabla msingi haujachimbwa, mkaombe kuona ramani ya viwanja, maana huenda hiyo ni njia ya umma. Jirani mpeni lake: taa, na nguzo mbili za chuma kuzuia pikipiki. Lakini nguzo ziachane kwa nafasi ya jeneza kupita.