Fundi Anajibu: Laptop ya 2011 inayochemka na kujizima

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kongwa. Kaka yangu amenipa Dell Latitude E6420 yenye Windows 7. Kila nikiiwasha saa imerudi miaka ya nyuma, tovuti zinakataa kufunguka, na nikiitumia kidogo inachemka na kuzimika. Fundi wa huku anasema bodi imekufa. Nataka kutungia mitihani. Ninunue nyingine?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usinunue. Bodi iliyokufa haikuonyeshi saa, hata kama saa yenyewe si sahihi. Una magonjwa mawili yasiyohusiana.

Saa kurudi nyuma ni betri ndogo ya saa kuisha. Ni ile ya duara, CR2032, ya volti 3, na kwenye mashine yako imefungwa kwa waya wenye plagi, kwa hiyo mwambie muuzaji unataka ya waya. Kivinjari, yaani programu unayofungulia tovuti, hulinganisha tarehe za vyeti vya usalama vya tovuti na tarehe ya kompyuta. Kompyuta ikisoma mwaka wa zamani, tovuti zinakataa kufunguka. Baada ya kuibadilisha, washa ukibonyeza F2 uingie kwenye mipangilio ya mashine, weka tarehe, kisha tazama palipoandikwa SATA Operation, yaani namna mashine inavyowasiliana na diski; RAID na AHCI ni namna mbili kati ya hizo. Mipangilio ikipotea, Latitude hurudi kwenye RAID, na kama Windows iliwekwa kwa AHCI, utapata skrini ya bluu. Rudisha AHCI. Wengi huambiwa diski imekufa kwa sababu ya hapo tu.

Joto sasa. Sisi wa Dodoma vumbi tunalijua, hasa upepo wa Julai na Agosti. Chomoa chaja, toa betri kubwa, fungua skrubu za mfuniko wa chini. Tazama kati ya feni na vibati vya kupozea: utakuta vumbi jekundu na nyuzi za nguo vimeshikana vikaziba kabisa njia ya hewa. Ukipuliza kwa nje unalisukuma ndani zaidi, kwa hiyo litoe kwa kibano na brashi laini, huku umeizuia feni kwa kidole isizunguke. Na tafadhali, usipeleke kwa mjaza upepo wa matairi. Kompresa ile hutema maji pamoja na hewa, na nimepokea bodi zilizoota kutu kwa sababu hiyo. Pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipozeo, nayo itakuwa imekauka. Ifute kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mtama.

Windows 7 achana nayo, Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020. Ukipata fedha kidogo, anza na SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, kabla ya kitu kingine chochote. Hapo ndipo mashine ya umri huu inapobadilika kweli. RAM ikiwa GB 4 inatosha kuanzia. Weka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, toleo jepesi la Xfce: iandike kwenye flashi, washa ukibonyeza F12, uchague flashi. Itafunguka kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa; ijaribu kwanza hivyo, Wi-Fi na sauti vikikubali ndipo usakinishe. Usakinishaji unafuta diski, basi hamisha mafaili yako mapema. LibreOffice, programu ya kuandikia kama Word, inakuja nayo, na mitihani uliyoandika kwa Word itafunguka. Kagua tu majedwali kabla ya kuchapa.

SWALI: Fundi, laptop yangu sehemu ya kusogezea kishale imeinuka, haibonyezeki tena. Niigandishe kwa gundi? – Msomaji, Manyoni

JIBU: Hapana, ndugu yangu, na usiichaji tena leo. Betri iliyo chini yake imevimba. Izime, usiikandamize, usiitoboe, iweke mbali na godoro na mapazia. Ipeleke kwa fundi aitoe, na aliyekuuzia betri hiyo usirudi kwake kununua nyingine isiyo na jina.