Teno: kuimba peke yako au kundi dogo?

Mdogo wangu, umeuliza kama teno, yaani mwanamume wa sauti ya juu, anayetaka kuimba peke yake aache kundi dogo, lile la mtu mmoja kwa kila sauti. Usiache! Rogers Covey-Crump, teno wa Uingereza, aliimba miaka mingi na Hilliard Ensemble, kundi lililodumu kuanzia 1974 hadi 2014, na bado aliitwa kuimba nafasi ya Mwinjili, yule anayesimulia habari, katika Mateso ya Bach, kazi za mtunzi huyo Mjerumani juu ya mateso ya Yesu. Kundini hakuna wa kukufichia kosa: ukishuka kidogo tu, mpatano wote unachafuka, kwa hiyo sikio linanoleka kwelikweli.

Ila nafasi ya Mwinjili ifanyie kazi kando na mwalimu. Ni masimulizi, kwa hiyo Kijerumani kisikike neno kwa neno. Nota za juu zisikupeleke kupiga kelele.