Naona Vizuri, Nipimwe Macho ya Nini?

Nina kisukari miaka sita sasa. Kila kliniki naambiwa nikapime macho, na mimi uzi naupitisha kwenye sindano bila miwani. Kuna ulazima? (Fundi cherehani, Morogoro)

Upo. Kupitisha uzi kunaonyesha tu kwamba katikati ya jicho bado ni pazima. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu vijishipa vya damu vya retina, tabaka la nyuma ya jicho linalopokea picha. Vingine huvuja, vingine huziba, kisha jicho huotesha vipya vilivyo dhaifu, navyo hupasuka. Yote hayo huweza kufika mbali kabla hujaona hata ukungu. Ndiyo maana mwenye kisukari cha aina ya pili hutakiwa kupimwa macho mara tu anapogundulika, na baada ya hapo kila mwaka. Tatizo likiwahiwa, leza au sindano za jicho huokoa uoni. (Najua sindano ya jicho inatisha hata kuisikia. Hutiwa ganzi kwanza.)

Tena retina ndiyo mahali daktari anapoiona mishipa ya damu moja kwa moja bila kupasua. Akiikuta imeharibika, atataka kujua na habari za figo zako. Wapo waliokwenda kutafuta miwani wakarudi wamejua wana presha.

Marehemu baba alipofuka kwa presha ya macho. Presha yangu ya damu iko sawa. Niko salama? (Mombasa)

Hizo ni presha mbili tofauti. Kipimo cha mkononi hakisemi lolote kuhusu jicho. Glakoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho, huanza kula uoni wa pembeni, mara nyingi bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Matone hulinda kilichobaki. Mzazi akiwa nayo, hatari kwako inapanda, nasi Waafrika tumo kwenye kundi la hatari kubwa. Nenda mwaka huu, na ndugu zako waende. Omba waangalie na mshipa wa fahamu wa jicho, maana wapo wenye glakoma na presha ya jicho ni ya kawaida.

Nina miaka 44. Miwani ya kusomea nimenunua kwa machinga. Nitaharibu macho?

Hapana. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, na miwani hiyo haidhuru. Ila machinga hajakupima.

Kwenye picha za simu, mboni moja ya mwanangu wa mwaka mmoja inang'aa nyeupe.

Mpeleke hospitali kesho asubuhi. Huenda ni mwanga tu, huenda ni mtoto wa jicho, na huenda ni retinoblastoma, saratani ya jicho inayotibika ikiwahiwa. Usimwekee matone ya duka la dawa.

Siku ya kupima naweza kwenda na pikipiki yangu?

Iache nyumbani. Matone ya kupanua mboni huleta ukungu na kufanya jua likuumize kwa saa kadhaa. Panda daladala, na ubebe kofia.