Mkuu, usimpe huyo kijana paswedi ya admini

Usimpe. Umeuliza mfumo upi wa mtandaoni wa kutunza taarifa za wateja ni nafuu kwa kampuni yako ya kupandisha wageni mlimani hapo Moshi, na kama kuna ubaya kumpa mtu wa matangazo paswedi ya admini, yaani ya mwenye mamlaka yote kwenye mfumo, aunganishe programu yake ya kutuma meseji. Ubaya upo, mimi umenikuta.

Ofisi yangu iko Sakina, Arusha. Jamaa wangu wa matangazo alikaa mezani kwangu na laptop kuunganisha programu yake, kikatokea kidirisha: programu hii inaomba kusoma, kubadilisha na kufuta taarifa zote za wateja. Akasema, "Bosi, bonyeza kubali, ni kawaida." Nikabonyeza. Alihitaji jina na namba ya simu tu. Mle ndani ya mfumo kulikuwa na namba za pasipoti, siku za ndege, hadi aleji za chakula.

Tulipokosana kwenye malipo nikabadilisha paswedi, nikafunga akaunti yake, nikajua yameisha. Hapa soma taratibu. Ukishairidhia programu ya nje, mfumo unaipa ufunguo wake yenyewe. Kwenye mifumo mingi ufunguo huo haujali paswedi yako mpya. Unaendelea kufungua mpaka uingie kwenye orodha ya programu zilizounganishwa, uufute kwa mkono wako. Hakuna aliyeniambia. Miezi 3 programu yake ilikuwa inavuta wateja wangu, wapya kwa wa zamani.

Nilijua pale mama mmoja wa Ujerumani aliponipigia: kampuni nyingine imejuaje siku anayotua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mpaka inamtajia bei ya chini ya yangu? Sikuwa na la kumjibu. Akaghairi, yeye na wenzake 5, katikati ya Julai. Na yule kijana, nilipompigia, ati, "Bosi, hukuniambia nizime." Mtu anayelipwa kwa kazi hiyo! Hasira hiyo ninayo hadi leo.

Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023. Wewe uliyekusanya pasipoti za wageni ndiye mwenye wajibu nazo, hata ukimkabidhi mwingine azichakate.

Mtu wa nje apewe kile tu kazi yake inachohitaji. Mfungulie akaunti yake, ya kusoma tu, aone jina na simu za waliokubali kutumiwa meseji. Mfumo ukishindwa kumzuia hivyo, mtolee faili la Excel lenye safu hizo 2, basi. Na kabla hujamjibu, ingia kwenye mipangilio, fungua hiyo orodha ya programu zilizounganishwa. Ukikuta jina usilolijua, lifute leo.